GNOME au Plasma? Tazama kwanza nani atakaa mbele ya kompyuta

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na tangu hapo watu wananiletea laptopu ambazo hazina kasoro yoyote. Ni zile mashine za mtumba tunazozijua wote, EliteBook na ThinkPad zilizostaafishwa maofisini huko nje, zenye prosesa za Intel za kizazi cha nne, cha sita au cha saba. Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa hiyo mashine inayowaka vizuri na kufanya kazi zote inaambiwa haifai. Mwenyewe amesikia kwamba Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni ya bure na itaipokea, na ni kweli. Anakuja ameshaamua, mpaka anapoulizwa swali ambalo kwenye Windows hakuwahi kuulizwa: nikuwekee GNOME au KDE?

Swali hilo lipo kwa sababu kwenye Linux sura ya kompyuta na injini yake ni vitu viwili tofauti. Menyu, upau wa chini, madirisha, saa, mahali pa kupangia mafaili, vyote hivyo kwa pamoja huitwa mazingira ya eneokazi. Unaweza kuyaondoa na kuweka mengine huku Linux yenyewe ikibaki ileile. Yako mengi, ila mawili ndiyo yanayoshindana kwa karibu miaka thelathini: GNOME, na Plasma inayotengenezwa na jumuiya ya KDE. Nimeyatumia yote, nimeyaweka kwenye mashine za ndugu na za wateja, na msimamo wangu nautoa mapema: hapa mtu ana uzito kuliko mashine. Nani atakaa mbele ya kompyuta hiyo, atafanya kazi gani, na akikwama saa tatu usiku atampigia nani simu?

Nyumba mbili, kisa cha kiwanja

Kwa bahati tu, KDE nayo ilizaliwa tarehe 14 Oktoba, mwaka 1996. Siku hiyo Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tübingen nchini Ujerumani, alitoa wito kwa waandishi wa programu wamuunge mkono. Kilichomkera ni kwamba programu za Unix, mfumo wa zamani ambao Linux iliufuata, wakati ule kila moja ilikuwa na vitufe vyake, menyu zake na tabia zake, na mtu wa kawaida hakuwa na mazingira kamili ya kukaa na kufanya kazi. Toleo la kwanza la KDE lilitoka Julai 1998.

Tatizo lilikuwa kwenye msingi. Ettrich na wenzake walijenga kwa kutumia Qt, zana za kutengenezea madirisha na vitufe zilizomilikiwa na kampuni ya Trolltech ya Norwei. Qt ilitolewa bure kwa wanaoandika programu huria, lakini leseni yake haikuruhusu mtu aibadilishe na kuisambaza apendavyo. Kwa wale wanaoshikilia kwamba programu lazima iwe huru kuanzia chini hadi juu, hiyo ilikuwa sawa na kujenga nyumba nzuri kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Siku mwenye kiwanja akibadili mawazo, utakwenda wapi?

Ndiyo maana Agosti 1997 vijana wawili wa Mexico, Miguel de Icaza na Federico Mena, walianzisha GNOME. Wao walichukua GTK, zana zilizotokana na programu ya kuchorea ya GIMP, ambazo leseni yake haikuwa na mgogoro. GNOME 1.0 ilitoka Machi 1999. Upande wa pili, KDE na Trolltech walishakubaliana mwaka 1998 kuunda wakfu wa kuilinda Qt ibaki wazi hata kampuni ikigeuka, na Septemba 2000 Qt ikatolewa rasmi chini ya GPL, leseni ya programu huria inayomruhusu mtu kuibadilisha na kuisambaza. Kiwanja kikawa cha wote. Lakini kufikia hapo kila upande ulikuwa na nyumba yake, watu wake na wafadhili wake, na hakuna aliyehama.

Nimeieleza historia hii kwa sababu bado kuna watu wanaomkataza mwenzao kutumia KDE kwa hoja ya leseni. Hoja hiyo ilikufa mwaka 2000.

Ushauri mwingine mwingi unaousikia nao umetokana na majeraha ya zamani. Januari 2008 KDE ilitoa toleo la 4.0 likiwa bado bichi, na watu waliolipokea wakakutana na programu zinazoanguka na vitu vya kawaida ambavyo havikuwa vimekamilika. Aprili 2011 ikawa zamu ya GNOME. Toleo la 3 liliondoa menyu, likaondoa upau wa chini wenye orodha ya madirisha, likaondoa hata vitufe vya kushusha na kukuza dirisha. Waliokataa wakaligeuza toleo la zamani kuwa mradi wa MATE, na watu wa Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, wakatengeneza Cinnamon. Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha Linux, mwaka 2005 aliwashauri watu watumie KDE. Baadaye akaenda GNOME, mwaka 2011 akakimbilia Xfce, mazingira mengine mepesi, kisha akarudi GNOME. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema KDE ni nzito na inaanguka-anguka, au GNOME haitumiki kabisa, muulize alikaa nayo mwaka gani.

Mjomba na barua iliyopotea

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu. Anaandika barua za kanisa, anatazama picha za wajukuu, anasoma magazeti. Nilimwekea Fedora, aina ya Linux ambayo huja na GNOME jinsi wenyewe walivyoikusudia. Jioni ile ile akapiga simu.

"Mjomba, barua yangu imekwenda wapi?"

Alikuwa amezoea kulishusha dirisha kwa kile kitufe chenye mstari mdogo. Kwenye GNOME hiyo kona ina alama moja tu ya kufunga. Akaibonyeza, barua ikafungwa. Nilimwambia abonyeze kitufe cha kibodi chenye nembo ya Windows, halafu aandike herufi tatu za mwanzo za jina la faili. Ikatokea. Akabonyeza tena, akaandika jina la programu ya picha, nayo ikatokea. Siku ya pili nikamwongezea kitufe cha kushusha dirisha kupitia programu ndogo iitwayo Tweaks, na tangu hapo hajanipigia tena kwa habari hiyo.

Kabla ya mjomba ningekwambia bila kufikiri kwamba mzee aliyetoka Windows apewe Plasma, kwa kuwa inafanana na alichokizoea: menyu kushoto chini, saa kulia, madirisha yamepangwa katikati. Kufanana huko kunasaidia siku ya kwanza. Kinachosaidia miezi inayofuata ni kwamba GNOME ni ileile kwenye karibu kila mashine, na hakuna kitu cha kukisogeza kwa bahati mbaya. Ninapomsaidia kwa simu, nikiwa siioni skrini yake, maelekezo yangu ni ya aina moja: bonyeza nembo, andika jina. Kwenye Plasma inabidi niulize kwanza menyu yake iko upande gani leo. Mtu mwenye mkono mzito kwenye kipanya anaweza kubonyeza kulia, akaingia kwenye hali ya kuhariri, akaufuta upau mzima bila kujua alichofanya. Kuurudisha si kazi kubwa kwa anayejua. Kwa mzee aliye peke yake sebuleni, kompyuta imeharibika.

GNOME pia inavutia kwenye laptopu yenye tachipadi nzuri. Vidole vitatu juu, unaona madirisha yote. Vidole vitatu kulia au kushoto, unahamia eneo jingine la kazi. Plasma nayo ina ishara za vidole, lakini kwa GNOME mfumo mzima umepangwa kuzifuata, na mkono unazizoea upesi.

Kuna kundi jingine ninalowapendekezea GNOME kwanza: wasioona, au wenye uoni hafifu. Orca, programu inayosoma skrini kwa sauti, ilikulia ndani ya GNOME na huko ndiko inakotulia zaidi. Plasma imeboresha sana upande huu miaka ya karibuni, lakini kama kompyuta ni ya mtu anayeitegemea sauti kwa kila kitu, nisingemfanyia majaribio.

Dukani kwa shemeji

Sasa njoo steshenari. Shemeji yangu ana duka karibu na shule: fotokopi, kuchapa, kulamineti, kujaza fomu mtandaoni. Asubuhi foleni inafika nje. Huyu ana flashi, huyu ametumiwa barua ya kazi kwa WhatsApp, huyu anataka kutuma maombi ya mkopo wa chuo na ameshika karatasi yenye namba yake ya NIDA. Pale niliweka Plasma, na sijutii hata siku moja.

Chukua mambo matatu tu. La kwanza ni Dolphin, programu yake ya mafaili. Ukibonyeza F3 dirisha linagawanyika mara mbili: flashi ya mteja kushoto, folda ya kazi za leo kulia, unaburuta faili kutoka huku kwenda kule. GNOME ilikuwa na kitu hicho hicho kwenye Nautilus, programu yake ya mafaili, ikakiondoa mwaka 2012, na hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya watu wa Mint kutengeneza programu yao, Nemo. Kwa anayefungua flashi moja kwa wiki, hasara hiyo haionekani. Kwa anayefungua flashi arobaini kwa siku, inaonekana kila dakika.

La pili ni KDE Connect. Simu ya duka na kompyuta zikiwa kwenye mtandao mmoja, hata hotspoti ya simu hiyo hiyo, mteja anatuma hati kwa WhatsApp, shemeji anagusa alama ya kushiriki kwenye simu, anachagua kompyuta, na PDF inatua kwenye folda ya vilivyopakuliwa tayari kuchapwa. Hakuna waya, hakuna kujitumia barua pepe, na haitumii bando, kwa sababu faili linapita ndani ya mtandao huo wenyewe. Watumiaji wa GNOME wanaweza kupata huduma hii kwa kiendelezi kiitwacho GSConnect, na kinafanya kazi. Nitarudi kwenye habari ya viendelezi, maana ndipo penye tatizo.

La tatu ni kumbukumbu ya vitu ulivyonakili. Kwenye Plasma unabonyeza kitufe cha nembo pamoja na V, na orodha ya vyote ulivyonakili inafunguka: jina, namba ya simu, namba ya mtihani. Unabandika kimoja kimoja bila kwenda na kurudi. Lakini hapo nina ombi kwa kila mwenye duka: futa orodha hiyo mteja anapoondoka, au uiwekee idadi ndogo. Namba za vitambulisho vya watu si za kulala kwenye kompyuta ya biashara.

Plasma ina gharama yake, nayo ni wingi. Mipangilio yake ni msitu. Ukitaka kubadili rangi ya mpaka wa dirisha utaipata, pamoja na mambo mengine kumi usiyoyahitaji, na mtu asiyeweza kuacha kuchokonoa atapoteza jioni nzima. Ina pia tabia mbili zinazowasumbua wageni. KWallet, pochi yake ya nywila, inaweza kukudai nywila kabla ya kukuunganisha na Wi-Fi, na mgeni hudhani amevamiwa. Na Baloo, kifaa cha kuorodhesha mafaili ili yatafutike haraka, huichosha diski ya zamani siku za mwanzo. Dukani nilikizima kwenye mipangilio siku hiyo hiyo.

Sasisho na viendelezi

GNOME hutoa toleo jipya kila miezi sita, Machi na Septemba. Yenyewe inabaki imara. Kinachoyumba ni viendelezi, vile vipande ambavyo watu wa nje wameviandika ili kurudisha upau wa chini, au alama ndogo za programu karibu na saa, au hiyo GSConnect. Kila kiendelezi hutangaza toleo la GNOME kinalolikubali. Toleo likipanda kabla mwandishi wake hajakirekebisha, kinazimika. Nimewahi kusasisha mashine ya ofisi fulani jioni, asubuhi wafanyakazi wakakuta upau waliouzoea haupo, na nusu siku ya kazi ikapotea kwa kosa langu la kutokagua kwanza. Tangu hapo nina kanuni: ukijikuta unahitaji viendelezi vitano ili GNOME ikae unavyotaka, unachokitafuta ni Plasma. Huko mambo hayo yamo ndani na yanasasishwa pamoja na mengine.

Ubuntu, aina nyingine ya Linux, imepunguza tatizo hili. Baada ya kuachana na Unity, iliyokuwa sura yake yenyewe, mwaka 2017 ilirudi GNOME, lakini ikaongeza upau wa pembeni, ikabakiza vitufe vya kushusha na kukuza dirisha, na alama ndogo karibu na saa zinaonekana. Kwa anayetaka utulivu wa GNOME bila mshtuko alioupata mjomba, Ubuntu ndiyo njia fupi.

Angalia pia muda wa kuhudumiwa, hasa kama bando lako ni la kubana. Ubuntu 24.04 inapewa masasisho kwa miaka mitano, lakini Kubuntu 24.04, ambayo ni Ubuntu ileile yenye sura ya KDE, inapewa mitatu, na bado ina Plasma 5.27 badala ya Plasma 6 iliyotoka Februari 2024. Kwa sababu hiyo, dukani kwa shemeji niliweka Debian 13, nayo aina ya Linux, iliyotoka Agosti 2025. Wakati wa kusakinisha inakuuliza unataka mazingira gani, unaweka alama kwenye KDE Plasma, basi. Haibadiliki-badiliki, na hilo ndilo duka linalolitaka.

Uzito

Wengi huuliza hili kwanza, na mimi nimeliweka huku nyuma kwa makusudi. Zamani KDE ilisifika kwa uzito, leo haizidi GNOME, na kwenye mashine nilizopima Plasma mara nyingi ndiyo iliyotumia RAM kidogo zaidi. Tofauti yenyewe ni ndogo kiasi kwamba kurasa nne za kivinjari zinaimeza. Kama mashine ina RAM ya GB 8 na diski ya SSD, chagua unayoipenda. Kama ina GB 4 na ile diski ya zamani inayozunguka, nunua SSD kabla ya kubishania chochote, maana hiyo itakupa kasi kuliko mazingira yoyote. Na kama hela ya SSD haipo, acha yote mawili uchukue Xfce, ambayo nayo ina umri wa KDE na imebaki nyepesi mpaka leo. Haina mbwembwe, haikuangushi.

Kwa michezo ya kompyuta Plasma ina nafasi nzuri. Kampuni ya michezo ya Valve iliichagua kuwa eneokazi la Steam Deck, kompyuta yake ya mkononi ya michezo, mwaka 2022, na hilo limeiletea wafanyakazi na marekebisho mengi. Kwa lugha yetu, yote mawili yananihuzunisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, kazi ya heshima kubwa, lakini leo ukifungua GNOME au Plasma menyu nyingi utazikuta kwa Kiingereza. Miradi yote miwili inapokea watafsiri wa kujitolea. Mwanafunzi wa lugha anayesoma hapa, mlango uko wazi.

Kabla hujafuta Windows

Ukiweza, usiamue kwa kusoma tu. Tafuta mahali penye Wi-Fi isiyo ya bando, kwa sababu faili la Ubuntu 24.04 peke yake linazidi GB 5. Liandike kwenye flashi, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na uchague kujaribu bila kusakinisha. Fanya hivyo kwa toleo moja lenye GNOME na jingine lenye Plasma, siku mbili tofauti. Usizunguke kwenye mipangilio ukishangaa rangi. Fanya kazi yako halisi: unganisha printa uchape ukurasa mmoja, fungua flashi, cheza video usikie sauti, funga kifuniko uone kama inalala na kuamka. Kama kompyuta ni ya mama au ya mjomba, mkalishe yeye, wewe kaa pembeni na unyamaze, uone mkono wake unakwenda wapi.

Na ukishachagua, weka moja tu. Inawezekana kuweka yote mawili kwenye mashine moja na kuchagua wakati wa kuingia, na vijana wengi hufanya hivyo. Lakini utakuta programu mbili za mafaili, mbili za mipangilio, pochi mbili za nywila, na mandhari ya upande mmoja yakichafua upande wa pili. Mara ya mwisho nilipokutana na mashine ya namna hiyo, njia ya haraka ilikuwa kumfungulia mwenyewe akaunti mpya na kumhamishia mafaili yake huko. Kwa hiyo nakili kila kitu kwenye diski ya nje kwanza, fungua mafaili mawili matatu kwenye hiyo diski uhakikishe yanafunguka, ndipo usakinishe.